AFYA NYUMBANI: Kobe wa watoto wetu

Mwezi huu tunazungumza juu ya kobe. Mvua zikianza huku Nchelenge, watoto wa upande wa Kafutuma wanarudi kutoka porini na kuni, na uyoga, na mara nyingine na kobe mkononi. Wenyeji wetu wanaosema Kibemba wanamwita fulwe. Mama anastuka kumkuta ndani ya ndoo ya maji, mtoto naye analia asitupwe. Tufanye nini?

Kwanza tujue ni kobe gani. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene. Kuna mmoja ambaye ganda lake la juu linafunga nyuma kama mlango akiogopa. Huyo si wa kukaa majini, ukimtia kwenye ndoo anaweza kufa maji. Kobe wa maji, wa mabwawa na matope ya ziwa, ana vidole vyenye ngozi katikati kama bata, na huyo bila maji hawezi kula vizuri.

Haya ndiyo tunayowaomba:

1. Ganda lisitobolewe. Tumeona kamba imepitishwa kwenye tundu ili kobe asitoroke. Jamani, ganda ni mfupa, lina damu na linasikia maumivu! Tundu linaoza, wadudu wanaingia, na kobe anakufa polepole.

2. Asipewe bukari, mkate wala maziwa. Wa nchi kavu mpe nyasi, majani ya maboga, matembele, uyoga unaoliwa na embe kidogo. Yule wa ganda la mlango anakula na konokono na jongoo. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Sisi sombe tunaitwanga na kuipika sana, yeye atapikiwa na nani? Wa maji anakula konokono, wadudu na samaki wadogo.

3. Apate jua na kivuli, vyote viwili. Bila jua, na bila chokaa ya maganda ya mayai yaliyosagwa, ganda linalegea. Lakini akiachwa juani ndani ya beseni bila kivuli, saa chache tu zinatosha kumuua. Wa nchi kavu mwekee maji kwenye sahani isiyo na kina, aweze kuingia na kutoka.

4. Kiangazi akijificha na kulala, hajafa. Kobe wengi wa huku wanalala miezi ya ukavu. Msimchimbue, na msimbebe ovyo. Akiogopa anakojoa, na maji yale ndiyo akiba yake ya kiangazi.

5. Povu puani, macho yaliyovimba, kupumua mdomo wazi: huyo ni mgonjwa. Ulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya, msimpe dawa za watu.

Sasa afya yetu wenyewe. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wasiofika sentimita 10, juu watoto walikuwa wanawatia mdomoni na kuugua. Kwa hiyo tunaosha mikono kwa sabuni kila tukimshika. Beseni lake lisioshewe vyombo, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima wala jiko. Mtoto wa chini ya miaka mitano asimguse. Mtoto akihara, mpeleke kliniki haraka, na mweleze mganga kwamba nyumbani kuna kobe.

Kuna na jambo la sheria. Zambia mnyama wa pori hafugwi bila kibali cha idara ya wanyamapori. Sisi tulio wageni katika nchi hii tusijitafutie kesi kwa sababu ya fulwe mmoja.

Tena kobe anazaa polepole. Kisiwani Changuu, Zanzibar, kobe wakubwa 4 waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Waliongezeka mpaka wakafika kama 200. Halafu watu wakaanza kuwaiba na kuwauza, na mwaka 1996 walibaki 7 tu. Ikabidi walindwe ndani ya uzio ndipo wakaongezeka tena.

Basi shauri letu ni hili. Mtoto amtazame kobe, amhesabie miraba ya ganda, halafu siku hiyohiyo wamrudishe pamoja na mzazi mahali palepale alipookotwa. Siyo popote porini. Kobe anajua njia zake, maji yake na shimo lake la kulalia. Ukimwachia mbali, anazunguka akitafuta kwao mpaka moto wa nyasi au gari limkute. Sisi tuliovuka kutoka Pweto na Moba hatuhitaji kufundishwa maana ya kutafuta kwenu.

Wazazi, someni haya na watoto jioni. Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.