SKULI SI NGOME



Ng'ombe akiibwa, mwenyewe aweza kununua mwingine. Lakini skuli ikivunjwa, miaka ya mtoto hairudi. Twasema haya kwa ajili ya yaliyozipata skuli za Wakikuyu katika Kenya.

Ugomvi ule haukuanza na bunduki. Mwaka wa 1929 baadhi ya misioni ziliwataka waalimu wao waikane tohara ya wanawake. Wazazi wengi walichukizwa, wakawaondoa watoto, wakajenga skuli zao kwa fedha na mikono yao wenyewe. Mwaka wa 1939 Bwana Mbiyu Koinange, aliyesoma Marekani, alifungua chuo cha waalimu Githunguri, ambacho baadaye kiliongozwa na Bwana Jomo Kenyatta.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ilitangaza hali ya hatari. Ikizishuku skuli hizo kuwa vitalu vya Mau Mau, ilifunga nyingi, na Githunguri pakawa mahali pa kunyongea watu. Nao wapiganaji wa msituni walichoma skuli za misioni na kuua waalimu. Pande mbili zisizopatana kwa neno lo lote zilipatana kwa hili, kupapiga mahali mtoto anapojifunzia. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Sisi wa Usambara tusiseme hayo ni ya jirani. Mwaka wa 1916 Waingereza waliuteka mji huu wa Lushoto, ulioitwa Wilhelmstal, kisha wamisioni Wajerumani wakaondolewa katika nchi. Yaliyosalia ya masomo yaliwaelemea waalimu wenyeji. Na Bwana Martin Kayamba, aliyeanzisha Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka wa 1922, alikuwa mtoto wa skuli ya Kiungani, Unguja. Pasipo skuli, hapangalikuwa na karani wala chama.

Kwa hiyo makarani tusijidanganye kuwa hatumo. Amri ya kufunga skuli hupigwa chapa na mkono kama wetu. Karani hana mamlaka ya kuitangua amri. Lakini aweza kumweleza mkubwa wake, kwa adabu na kwa hesabu sahihi, ni watoto wangapi watakaobaki nyumbani, na kuuliza watasomea wapi. Na arudipo kijijini, awaambie vijana wenye hasira neno lile lile: mwalimu si askari, wala skuli si ngome.

Asiyeweza kusema hayo pande zote mbili, alisoma bure.