Simu itahesabu simiti, haitabeba slabu

Juzi mpwa wangu alinijia na simu mkononi. "Mjomba, fundi ataka kuniibia. Ametaka mifuko 80, simu yasema 76."

Tukakaa barazani tukapiga hesabu. Slabu yake ni mita 10 kwa 8, unene sentimita 15: zege mita 12 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, ni kweli, yaja mifuko 76 ya kilo 50. Lakini zege humwagika, na mbao hazikai sawa. Ukiongeza asilimia 5 ya upotevu, wafika 80. Fundi hakuiba.

Vikokotoo vya mtandaoni vina faida: mwenye nyumba sasa ana la kumuuliza fundi. Ila tazama kimetoka wapi. Mfuko wa Marekani ni ratili 94, kama kilo 43. Huko slabu hiyo hiyo yataka mifuko 89.

Kilichonitia hofu ni jengine. Unene na nondo amechagua mwenyewe humo simuni, na juu ataka ghorofa. Kikokotoo huuliza urefu na upana. Hakiulizi kama mchanga watoka ufuoni au maji ni ya kisima cha chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nondo zetu ndani kwa ndani.

Mifuko hesabu kwa simu. Nguvu ya nyumba mwachie mhandisi aliyesajiliwa, aje akione kiwanja. Ada yake yauma, lakini watakaolala chini ya slabu ile ni watoto wetu.