Ukiomba mbegu utapewa mbegu

Ikiwa nyumbani kwako mnafuga chiriku, hebu weka kikombe cha chai kando ukachungulie kikopo chao cha chakula. Punje zilizomo zina rangi gani? Ikiwa ni za waridi, kijani kibichi au samawati, zitoe sasa hivi, kisha urudi tuendelee.

Nasema hivyo kwa sababu mimi sikuchungulia. Binti yangu aliye gredi ya sita alikuwa na chiriku watatu, wale wadogo wenye mdomo mwekundu na milia kama ya punda, ambao asili yao ni Australia na huzaliwa vizimbani kizazi baada ya kizazi. (Wale wa mwituni wanaorukaruka kwenye ua wako waache walivyo. Kuwatega na kuwafuga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.) Ijumaa moja pakiti ya chakula chao ikaisha, na mambo ya mwisho wa mwezi unayajua. Nikapitia duka la pembejeo karibu na steji, nikaomba nusu kilo ya mbegu za mawele. Muuzaji akachota kutoka kwenye gunia lililokuwa wazi, akanifungia kwenye karatasi. Zilikuwa za waridi, zinapendeza macho. Nikadhani rangi ni pambo tu.

Jumamosi jioni mmoja alikuwa amejikunyata sakafuni mwa kizimba, manyoya yamemsimama kama pamba. Jumapili asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Binti yangu hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, ulisoma gunia?"

Sikuwa nimesoma. Nilirudi Jumatatu nikasoma: fuvu la kichwa na mifupa, na onyo kwamba mbegu hizo zimetiwa dawa, zisiliwe na watu wala mifugo. Muuzaji alinijibu bila ukali, "Mzee, uliomba mbegu, nami nikakupa mbegu."

Na kweli, Kiswahili chetu kilikwisha kuyatenganisha mambo haya zamani. Mbegu ni ya kufukiwa ardhini. Kinachotiwa tumboni ni nafaka. Sisi wafugaji wa mjini ndio tuliovuruga maneno kwa kufuata Kiingereza kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mbegu ya kupanda hupakwa dawa ili isioze wala kuliwa na wadudu kabla ya kuota. Ipo dawa ya kuvu kama thiramu, na ipo ya wadudu kama imidaklopridi. Rangi hutiwa makusudi ili mtu asije akazisaga uji. Sasa fikiria kwamba chiriku mmoja mzima ana uzito wa gramu 12 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari. Mwaka 2013 shirika la American Bird Conservancy la Marekani lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba punje moja tu ya mahindi iliyopakwa dawa za jamii hiyo ya imidaklopridi yaweza kumuua ndege mdogo. Usijifariji kwamba chiriku humenya ganda na kulitupa. Kabla ya kulimenya huizungusha punje mdomoni kwa ulimi, na dawa iko juu ya ganda hilo hilo.

Je, ukiziosha? La, usijaribu. Maji yataondoa rangi, ambayo ndiyo onyo, na dawa ibaki.

Basi utanunua nini? Nenda kwa wauza nafaka, kama wale wa Nyamakima hapa Nairobi, au kwa mama wa sokoni anayepima kwa gorogoro, umwambie unataka nafaka ya uji. Wimbi ni ndogo, inamfaa chiriku vizuri. Mawele pia ni chakula kizuri kwake. Mtama una punje kubwa kwa mdomo ule, kwa hiyo uvunjevunje kwanza. Simsim mpe kidogo tu kwa sababu ya mafuta yake.

Utauliza, wimbi si nyekundu? Ni nyekundu, naam, lakini ni wekundu wa udongo. Lowesha kitambaa cheupe usugue punje chache. Kitambaa kikitoka na waridi au kijani kinachong'aa, rudisha. Hata hivyo, kitambaa kisafi hakimalizi maneno, kwani wengine huhifadhi nafaka kwa dawa ya unga isiyokuwa na rangi kali. Ukiona vumbi jeupe au la kijivu limeshika punje, au pua ikakuwasha, muulize mwenye duka ametia nini. Harufu ya uvundo nayo ni sababu ya kuondoka. Sumu ya kuvu wa nafaka tunaijua sisi: mwaka 2004 mahindi yaliyoingia kuvu yaliua watu 125 huku Ukambani na kwingineko.

Wapo wanaosema wazioteshe kwanza, zikiota basi ni salama. Hapana. Mbegu yenye dawa huota vizuri sana, ndiyo kazi yake. Kuotesha hukuonyesha tu kwamba nafaka haijachakaa. Lakini ikiwa ni nafaka safi, otesha: loweka usiku kucha, suuza, iache siku moja hadi ncha nyeupe ichomoze. Kijiko kimoja cha chai asubuhi, na kabla ya adhuhuri uondoe kilichobaki kwa sababu huchacha upesi. Masuke mabichi ya nyasi pia huyashangilia, mradi usiyakate kando ya barabara au mahali palipopulizwa dawa.

Usibadilishe chakula kwa siku moja. Chiriku aweza kususia asichokijua, na mwili wake mdogo hauvumilii kushinda na njaa. Changanya kidogo kidogo na kile alichozoea kwa wiki moja au mbili.

Yule wa tatu, ambaye sijui kama aliokolewa na uchaguzi wake wa chakula au na bahati, tulimzoeza wimbi hivyo hivyo. Kosa la pili karibu tulifanye kwake. Siku ya nne kikopo kilionekana kimejaa pomoni, nikasema ameshiba. Binti yangu akakiinamia akapuliza. Makapi yakaruka yote, na chini hapakuwa na punje hata tano. Tangu hapo hupuliza kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nami hufagia.