Kemia ya kumi kumi

Leo naweka programu kando kidogo. Shuleni kemia niliikariri tu: methanoli ina kaboni moja, ethanoli mbili. Nikapita mtihani, nikasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba Novemba 2000, hapa hapa Nairobi, kumi kumi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kupofusha wengine. (Mei 2014 yakatokea tena, katika kaunti kadhaa.)

Mimi ningeanzia somo hapo. Mbona walipofuka? Kwa sababu ini hugeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, nayo huharibu neva za macho. Na mbona daktari anaweza kumtibu mgonjwa kwa ethanoli, pombe yenyewe? Kimeng'enya ni kile kile, nacho hushika ethanoli kwanza, methanoli ikapata nafasi ya kutoka mwilini bila kugeuzwa. Kaboni moja tu! Sisi wa programu tunajua herufi moja inavyoangusha mfumo mzima.

Najua walimu watasema silabasi ni ndefu, hakuna wakati wa hadithi. Lakini jioni mwanafunzi huyo anarudi mtaani kinakouzwa kinywaji hicho, na kwa kunusa tu hawezi kukitambua.