Krismasi Nayo Ni Kazi, na Kazi Hugawanywa



Kila mwaka Desemba inapokaribia, malalamiko ya namna moja hutufikia sisi tunaozunguka matawini. Tunayasikia katika viwanda vya maziwa vya Mbarara, katika mashamba ya chai ya Bushenyi, na kwa wenzetu wanaotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuja kutafuta vibarua mjini. Mtu anayeweza kusimamia mashine ya kufungasha maziwa shifti nzima bila pakiti moja kumwagika anasema kwamba nyumbani kwake hajui aanzie wapi. Nguo za watoto hazijashonwa. Ukuta haujapigwa chokaa. Wageni wamekwisha kutuma salamu kwamba wanakuja, na idadi yao haijulikani. Mchele, nyama, ndizi, mafuta, sabuni, sadaka ya kanisani, nauli ya kwenda kuwaona wazee, kila kitu kinadai siku ile ile. Usiku mama anakaa kitandani anahesabu kwa vidole, anavimaliza, anaanza upya.

Wengi huona haya kuyasema mambo haya mkutanoni. Huyaona ni mambo ya jikoni, na chama ni cha mambo ya kiwandani. Sisi tunasema jikoni ndiko mshahara unakoishia, na ndiko mfanyakazi anakopata nguvu ya kurudi kazini kesho. Jambo linalomfanya mwanachama afike kazini tarehe 27 Desemba akiwa hoi kuliko alivyoondoka ni jambo la chama.

Neno letu ni moja. Krismasi ni kazi. Ina mzigo wake, masaa yake, vifaa vyake na gharama zake. Mahali popote ambapo kazi ya watu sita inaachiwa mtu mmoja, bila ratiba na bila fedha ya kutosha, mtu huyo atachanganyikiwa. Hilo tunalijua vizuri kiwandani. Mnyapara akipunguza watu kwenye mstari na kuacha mashine ziende kasi ile ile, hatusemi kwamba aliyebaki ana kichwa kibovu. Tunasema kazi imepangwa vibaya. Kwa nini basi tukifika nyumbani tuseme mama huyu hajui kujipanga?

Chukua siku moja ya mwanachama wetu anayefanya shifti ya asubuhi. Anaamka saa kumi usiku, anachota maji, anawasha moto, anaandaa chai ya watoto. Saa moja yuko mlangoni kwa kiwanda. Akitoka anapitia sokoni, anabeba, anapika, anafua. Hiyo ni siku ya kawaida. Ikifika Desemba shule zimefungwa na watoto wote wako nyumbani, na juu ya hayo yote inawekwa Krismasi: kusafisha nyumba, kwenda kwa fundi cherehani ambaye kila siku anasema "kesho", kuchambua mchele, kutafuta magodoro ya wageni. Siku yenyewe ikifika, wengine wanatoka kanisani wamevaa vizuri na kukaa. Yeye anavua nguo mpya na kuingia jikoni. Mwanamume anaketi chini ya mti na kibuyu cha tonto, anauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Ndugu zetu wanaume msikasirike. Wafanyakazi wa Chicago na miji mingine ya Marekani waligoma tarehe 1 Mei 1886 wakidai siku ya kazi ya masaa manane. Dai la wakati ule lilikuwa masaa manane ya kazi, manane ya kupumzika, na manane ya mtu mwenyewe. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani likaanza na jambo hilo katika Mkataba wake wa kwanza kabisa. Kila Mei Mosi tunaandamana kwa heshima ya watu wale. Tuulizane kwa haki: yale manane ya mtu mwenyewe, mke wako anayapata mwezi wa Desemba? Ikiwa hapati, nani ameyachukua? Mwajiri amechukua sehemu, na sehemu nyingine iko mikononi mwetu. Shirika hilo hilo mwaka 1981 lilipitisha Mkataba Namba 156 juu ya wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na mkataba huo unawahusu wanaume kwa wanawake. Dunia ilikwisha kukubali kwamba mzigo wa nyumba si wa mwanamke peke yake.

Sasa tuje kwenye fedha. Wapo wakubwa wanaopenda kutuhubiria wakati wa sikukuu: "Wafanyakazi jifunzeni kujipanga." Kujipanga ni kuzuri, lakini kitu kinachopangwa lazima kwanza kiwepo. Hapa Uganda kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa mshahara wa chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mfanyakazi anategemea anachopatana na mwajiri, na asiye na chama anapokea anachopewa. Kibarua wa siku ndiye anayeumia zaidi. Kwa wengi wao sikukuu maana yake ni siku mbili bila malipo, na mwezi huo huo bei za sokoni zinapanda na mabasi ya kutoka Kampala kuja magharibi yanapandisha nauli.

Hapo ndipo mkopeshaji anapoingia. Anakuja na maneno matamu, anatoa fedha siku hiyo hiyo, na kama dhamana anataka kadi ya benki na namba yake ya siri. Januari mshahara unaingia na yeye ndiye wa kwanza kuutoa. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nyama imeliwa siku moja, deni linakaa mpaka Pasaka, na mwezi wa Februari shule zikifunguliwa mtoto anabaki nyumbani kwa kukosa karo. Mfahamu kwamba sheria ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji inawakataza kushika kadi ya benki au kitambulisho cha taifa kuwa dhamana. Anayekudai vitu hivyo anavunja sheria, na wewe usione haya kumwambia hivyo.

Wapo pia wenzetu wanaosema: "Tupandishiwe mshahara tu, mengine yote yatakwisha." Tunaupigania mshahara na hatutaacha. Lakini tumeona nyumba zilizopata fedha ya ziada Desemba, na bado mama alilala saa nane usiku mkesha wa Krismasi. Fedha iliongeza wageni na masufuria, haikuongeza mikono. Kwa hiyo vita hivi vina pande mbili, kazini na nyumbani, na upande mmoja hauwezi kuusubiri mwingine.

Nyumbani tuanze na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jumapili moja ya mwezi wa Novemba watu wote wa nyumba wakae, watoto wakubwa wakiwemo, waandike mambo matatu: yale ya lazima, yale yanayofaa, na yale yanayoweza kungoja. Karo ya Februari iandikwe ya kwanza kabisa kabla ya nyama. Halafu kila kazi iandikiwe jina la mtu na siku. Baba awe na zake zenye jina lake: kuni, maji, chokaa, kuchinja, kumfuata fundi cherehani. Kijana wa kiume anayeweza kuendesha baiskeli anaweza kuosha vyombo, mikono ni ile ile. Jambo lisilokuwa na jina la mtu lifutwe, kwa maana likiachwa litamwangukia mama.

Wageni nao waambiwe ukweli mapema. Mgeni ni baraka, na hapa Ankole hakuna anayekubali mgeni aondoke bila kula. Lakini ndugu wakipelekewa habari mapema kwamba huyu alete mchele, yule alete sukari, na huyu mwingine afike siku mbili kabla asaidie kumenya ndizi, hakuna atakayekasirika isipokuwa yule aliyezoea kula tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunasema Krismasi mpe kisu cha kumenyea siku ya kwanza.

Baada ya nyumba kuna kikundi. Watu wa sehemu hizi hawahitaji kufundishwa ushirika. Vyama vya engozi, ambavyo watu walibebana kwa machela kupelekana hospitali, vilikuwepo kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Viko pia vikundi vya nyama: wenzetu wanaweka kidogo kidogo tangu Januari, na Desemba wananunua ng'ombe mmoja na kugawana. Anayenunua kilo sokoni tarehe 24 analipa bei ya mwenye bucha. Anayenunua ng'ombe na wenzake mwanzoni mwa mwezi hulipa bei ya mnada. Kila tawi liwe na kikundi kama hicho, kiwe na mchele na mafuta pia. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zishikwe na watu watatu tofauti, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Kikundi kisichosoma hesabu kitavunjika Novemba, na mwenye sanduku atakuwa amesafiri.

Upande wa kazini matawi yasingoje Desemba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Inasema pia kwamba kazi ya ziada siku ya sikukuu iliyotangazwa ilipwe mara mbili ya kiwango cha kawaida. Tarehe 25 na 26 Desemba ni sikukuu, na tarehe 1 Januari vilevile. Wawakilishi wakae na menejimenti mwezi wa Oktoba wapatane kwa maandishi juu ya mambo matatu. Kwanza, tarehe ya mshahara wa Desemba, uje mapema watu wanunue kabla bei hazijapanda. Pili, orodha ya likizo ibandikwe ukutani kabla ya Novemba kwisha, ili mtu asiambiwe tarehe 23 kwamba kesho yuko zamu. Tatu, atakayebaki kazini ajue malipo yake. Ng'ombe hawajui Krismasi, maziwa yatakuja tu, na lazima wengine wawe kazini. Swali ni nani, na kwa makubaliano gani.

Hapo wenzetu wa Nakivale wana la kutufundisha. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1958, na waliotangulia walikuwa wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Mkongo na Mrundi wanasali Krismasi tarehe 25 Desemba. Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea wana yao tarehe 7 Januari. Wasomali wana Idi yao. Watu wanaoishi hivi wana hazina ya kubadilishana zamu. Mwislamu akimshikia Mkristo zamu ya Krismasi, naye ashikiwe siku ya Idi bila kuomba. Mwenye sikukuu ya Januari amsaidie mwenye ya Desemba, kisha arudishiwe. Tawi liandike mapatano hayo katika kitabu, yasibaki maneno ya mdomo ambayo mnyapara anaweza kuyavuruga.

Tusisahau kwamba wenzetu hao mzigo wao ni mzito kuliko wa wengi. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa makundi, na mwaka 2025 watu wengi waliondolewa katika mgao kabisa kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Mama wa Nakivale anayewaza sombe, mchele na kitenge cha kwaya anawaza pia chakula cha mwezi mzima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi. Mwajiri anayemlipa pungufu kwa kuwa ni mkimbizi anatushusha sote, kwa maana kesho atatuambia na sisi tukubali bei ile ile. Basi kikundi cha nyama kikianzishwa, na orodha ya zamu ikiandikwa, jina lake liwemo.

Kazi hii ianze katika mkutano wa tawi unaokuja. Katibu aweke ajenda moja: Krismasi. Akina mama wapewe nafasi ya kusema kwanza, na wanaume waje na kalamu. Mtu akiuliza chama kinaingiaje mambo ya jikoni, aulizwe yeye mwaka jana alipika nini.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Udumu umoja wa wafanyakazi, kazini na nyumbani!