Blanketi la Land Rover

Jumapili iliyopita, pale Mama Ngina tukila mihogo, kijana mmoja alinionyesha Land Rover kuukuu ya kijeshi, paa lake turubai. Amesikia kwamba nchi za baridi majeshi huvika magari turubai la tabaka mbili, la ndani limeshonwa kama godoro jembamba, na hewa iliyonaswa humo huzuia joto la hita lisitoroke. Basi naye ataka kushonea blanketi ndani kuzuia jua, maana juzi mwanawe alitoka mle amelegea kwa jasho.

Wazo si baya. Lakini, ndugu msomaji, kwa unyevu huu wa bahari blanketi litaota ukungu. Land Rover za nchi za joto zilitengenezwa na paa la pili juu ya la kwanza, upepo upite katikati. Nikamwambia aige hilo, na pembeni akunje turubai.

"Na kusi je?" akadakia fundi. Kweli, likilegea litapigwa hadi lichanike. Basi alikaze wakati wa jua kali, plastiki imelainika. Na mtoto asiachwe humo peke yake, hata dakika tano!