Pimeni Kwanza, Ndipo Mchanje

Mstari mrefu uwanjani kwenye kampuni ya migodi. Mkono wa shati unakunjwa, sindano inaingia, kadi inapigwa muhuri: umechanjwa homa ya ini B, apite mwingine. Hakuna aliyechukua hata tone la damu kwanza. Huo ni uzembe, na uzembe huo unaua watu wa Lubumbashi.

Mtu mzima wa Katuba au wa Ruashi hakuanza maisha siku ile ya sindano. Nchi yetu iliingiza chanjo hii kwa watoto wachanga mwaka 2007. Waliozaliwa kabla ya hapo walikua bila kinga yoyote, na kirusi hiki humpata mtoto kwa mama wakati wa kujifungua, kwa wembe wa kuazimana, kwa sindano iliyorudiwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 katika 10 hubaki nacho maisha yote. Mtu mzima, chini ya mara 1 katika 20. Kwa hiyo wengi wenye kirusi walikuwa nacho tangu utotoni, miaka mingi kabla ya muhuri. Chanjo hufunga mlango. Haimtoi mwizi aliyekwisha kuingia.

Tena wapo ambao hata kipimo cha haraka hakiwaoni. Kile kijikaratasi kinachotafuta antijeni ya HBs, yaani ya ganda la kirusi, kinaonyesha mstari mmoja, muuguzi anasema "negatifu", baba wa watu anarudi nyumbani ametulia. Kumbe DNA ya kirusi imejibanza ndani ya ini. Hayo ndiyo maambukizi yaliyofichika. Huyo ukimchanja anaweza hata kutoa kingamwili, na kirusi kisiondoke. Siku akipewa dawa za saratani zinazoshusha kinga, kinaweza kuamka. Akimtolea dada yake damu pale hospitali, kinaweza kupita, maana antijeni ileile ndiyo tunayoitegemea kuchuja damu.

Kipimo cha kushika alama ya kirusi hiki kipo, kinaitwa anti-HBc: hutafuta kingamwili dhidi ya kiini chake. Chanjo haina kiini cha kirusi, kwa hiyo haiwezi kuzaa kingamwili hiyo. Ukiikuta kwa mtu mzima, jua kirusi chenyewe kilipita hapo, na hapo ndipo daktari anapojua nani wa kutafutiwa DNA. Marekani mwaka 2023 ilishauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani antijeni, kingamwili yake, na hiyo ya kiini, vyote pamoja. Na sisi? Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya dunia katika kanda yetu ya Afrika, halafu tunachanja kwa kukisia!

Wataniambia vipimo ni ghali. Kampuni inayosafirisha shaba na kobalti kwa malori mchana na usiku isinitajie bei ya chupa moja ya damu.

Sisemi chanjo iachwe, hata kidogo. Mwenye kirusi hadhuriki na sindano. Anadhurika na uongo kwamba amesalimika, kwa sababu akishauamini harudi tena kupimwa mpaka tumbo lijae maji. Naye angeweza kufuatiliwa mapema, na akihitaji, kupewa tenofoviri, dawa ileile ambayo wenye VVU wanapewa bure.

Enyi madaktari wa migodi, chukueni damu siku ileile ya dozi ya kwanza, kabla ya sindano. Majibu apewe mwenyewe mkononi, yasipitie ofisi ya wafanyakazi. Mmoja tu akifukuzwa kazi kwa ajili ya ini lake, wenzake wote watakataa kutoa mkono.